Kadi ya mbio za farasi ya Jumamosi: mnaanzia wapi kumtafuta mshindi?

Kizota_Kwetu:

Wakuu salaam. Kwenye vibanda vya kubeti hapa Dodoma, kuanzia Majengo mpaka Sabasaba, watu wamezama kwenye mpira. Farasi wanaguswa tu mechi zikiisha. Mimi nimefungua kadi ya Chester kule Uingereza na nyingine ya Turffontein, Afrika Kusini, nikakutana na 0-2135, CD, BF, 9-4, b, geti 7. Mpira naujua, ila hapa sioni pa kushika.

Ukiwa na mbio sita au saba za siku moja, unaanza kuangalia nini na unaacha nini? Na kwa nini yule mwenye odi ndogo kuliko wote anachana mikeka ya watu kila siku? Dau langu ni shilingi 2,000 kwa mbio, si zaidi. Nawasilisha.

Lijamu:

Kabla ya yote hakikisha ni farasi wa kweli. Wale wanaotimka kila baada ya dakika chache kwenye skrini ya kibandani ni wa kompyuta. Programu inachagua namba kwa kubahatisha, kwa hiyo hakuna cha kuchambua hata ukeshe. Mbio ya kweli ina uwanja, saa, joki (mpanda farasi), mkufunzi na uzito, na huchelewa kuanza farasi mmoja akigoma kuingia getini.

Halafu saa. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Uingereza wako nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo mbio ya 14:00 kwao ni saa 10 jioni hapa. Miezi mingine ni saa 11. Afrika Kusini wako nyuma saa moja mwaka mzima.

Hatamu_Mbili:

Mkuu Kizota, anza kwa kufuta mbio, siyo kwa kuchagua farasi. Katika mbio saba, nne au tano hazistahili hela yako. Futa za farasi wa miaka miwili ambao nusu yao hawajawahi kukimbia, maana hakuna rekodi ya kusoma. Futa hendikapu (mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi) za farasi 18 au 20 mpaka uwe mzoefu. Zinazobaki, za farasi 7 hadi 12 wenye rekodi ndefu, ndizo za kukaa nazo.

Namba za rekodi husomwa kutoka kulia. Kwenye 0-2135, mara ya mwisho alikuwa wa tano, kabla ya hapo wa tatu, kabla ya hapo alishinda. Kistari ni mpaka wa msimu, na 0 ni nafasi ya kumi au nyuma zaidi. Kwenye mbio za kuruka viunzi utakuta herufi: P joki alimsimamisha njiani, F alianguka, U alimwangusha joki, R aligoma. CD ameshawahi kushinda kwenye uwanja huo kwa umbali huohuo. BF mara ya mwisho ndiye alikuwa na odi ndogo kuliko wote na akashindwa. b ni viziba macho, t ni kamba ya kufungia ulimi, p ni vipande vya ngozi ya kondoo mashavuni. Ukiona b1 ni mara yake ya kwanza kuvaa. Hapo mkufunzi anajaribu kumfanya atulie au akaze, na matokeo yanaweza kwenda upande wowote.

Ila usidanganywe na namba tupu. Aliyekuwa wa tano kati ya 14, nyuma ya mshindi kwa urefu wa farasi wawili tu, kwenye daraja la 2, ni bora kuliko wa pili kati ya watano aliyeachwa urefu wa farasi tisa kwenye daraja la 6. Uingereza daraja la 1 ndilo la juu na 7 la chini. Farasi anayeshuka kutoka la 3 kwenda la 5 leo, namba zake zikiwa mbaya mbaya, huyo ndiye watu wanampita bila kumwona.

Kisha hali ya uwanja, na hapa ndipo wengi wanapopotelea. Kadi huandika GF, G, GS, S au H, kutoka ardhi kavu (GF) mpaka laini (S) na tope zito (H). Linganisha kukimbia kwenye barabara ya vumbi mwezi Agosti na kukimbia kwenye shamba la mtama baada ya mvua ya Januari. Yupo farasi anayepaa pakiwa pakavu na kuzama pakiwa na tope, na yupo wa kinyume chake. Pitia mbio zake zote zilizopita, andika pembeni alishinda kwenye hali ipi. Kama ushindi wake wote ni wa GF na usiku imenyesha hadi uwanja umekuwa S, mfute hata kama odi yake ni 2.00. Angalia tena asubuhi ya siku yenyewe, kadi ya jana imeshapitwa.

Viwanja visivyo vya nyasi visome peke yake. Kule Uingereza, Kempton na Lingfield ni Polytrack, aina ya mchanga wa kutengenezwa. Wolverhampton na Newcastle ni Tapeta, nao wa kutengenezwa. Southwell nayo iliingia kwenye Tapeta mwaka 2021. Kabla ya hapo ilikuwa mchanga wa aina nyingine, kwa hiyo farasi mkongwe mwenye CD ya Southwell ya zamani, ile CD haina uzito.

Sasa uzito. 9-4 ni stoni 9 na paundi 4 (stoni moja ni paundi 14), yaani paundi 130, kilo 59 hivi. Kwenye hendikapu kila farasi anapewa alama, na alama moja ni paundi moja. Afrika Kusini wanatumia kilo, alama moja ni nusu kilo. Kanuni ya mkononi ni hii: kwenye falongi 5 (kama meta 1,000) urefu mmoja wa farasi ni paundi 3, kwenye maili moja ni paundi 2, kwenye maili mbili ni paundi 1.

Mfano. Kwenye maili moja, A alimshinda B kwa urefu mmoja, A akiwa na 9-2 na B 9-0. Leo wanakutana tena, A ana 9-7, B ana 8-13. Siku ile A alimzidi B paundi 2, leo anamzidi 8. Mabadiliko ni paundi 6, sawa na urefu wa farasi watatu. Toa ule mmoja wa mwanzo: kwenye karatasi B yuko mbele kwa urefu mbili. Na bado kibandani watu watamchukua A kwa sababu "alimpiga juzi".

Joki mwanafunzi naye hupunguziwa uzito: paundi 7 mpaka afikishe ushindi 20, kisha 5 mpaka 50, kisha 3 mpaka 95. Mzuri anayekaribia kuvuka 20 ni dhahabu, maana ujuzi umeshakua na punguzo bado lipo.

Mwenye odi ndogo hachani mikeka kwa bahati mbaya. Kwa kawaida hushinda karibu theluthi moja ya mbio, basi. Ukiunganisha sita wa hivyo kwenye mkeka mmoja, nafasi yako ni moja katika 729.

Dada_Ipagala:

Hatamu umeeleza vizuri, ila hesabu ya uzito unaipa heshima kubwa mno, hasa kwenye mbio fupi. Inachukulia kwamba kila farasi alipata njia safi. Mimi naanza na geti (namba ya kizimba anachoanzia farasi) na mwendo.

Kizota ametaja Chester. Mzunguko mzima ni kilomita 1.7 hivi, kona tupu kuelekea kushoto, na nyoofu ya mwisho haifiki meta 250. Kwenye falongi 5 geti 1 hadi 4 ziko karibu na uzio wa ndani. Aliye geti 10 ama azunguke nje na kukimbia umbali zaidi, ama arudi nyuma atafute upenyo. Ukimpunguzia paundi 6, zinaliwa kwenye kona ya kwanza. Na kampuni zinalijua hilo, kwa hiyo geti 1 huwa na odi iliyobanwa. Mimi ningemtazama wa geti 3 au 4 mwenye kasi ya kutoka getini.

Ndipo mwendo unapoingia. Soma maelezo ya mbio tatu za mwisho za kila farasi, uandike M kwa anayetangulia, K kwa anayekaa katikati, N kwa anayesubiri nyuma. Kukiwa na M mmoja tu, anaweza kujiendea atakavyo na wasimfikie. Kukiwa na M watatu au wanne watachomana wenyewe, na K aliye nyuma yao kidogo ndiye anafaidi. N kwenye Chester falongi 5 mimi simgusi, labda M wawe wengi kupita kiasi.

Turffontein ni kinyume kabisa. Nyoofu ni ndefu na ina mpando, na Johannesburg iko zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari. Anayetangulia kwa pupa huishiwa pumzi, na farasi aliyetoka Durban au Cape Town, pwani kabisa, usimwamini mpaka uone amewahi kukimbia huko juu. Maneno ya uzito yana maana zaidi hapo kuliko Chester, hilo nakubali.

Kizota_Kwetu:

Shukrani sana dada, shukrani mkuu Hatamu. Nimeanza kuona njia. Swali moja: kuna kitufe cha kugawa dau, kushinda na kuingia nafasi za mwanzo. Kwa 2,000 yangu si ndiyo salama zaidi?

Lijamu:

Inategemea odi na idadi ya farasi. Ile 2,000 inakuwa 1,000 ya kushinda na 1,000 ya nafasi. Masharti ya kawaida kwa farasi 8 hadi 11 ni nafasi tatu kwa moja ya tano ya odi. Farasi 5 hadi 7 ni nafasi mbili kwa robo.

Odi 9.00: toa 1, gawa kwa 5, ongeza 1, unapata 2.60. Akiwa wa pili unarudishiwa 2,600, faida 600. Odi 4.00: unapata 1.60, yaani 1,600. Amekuwa wa pili na umepoteza 400. Kwa hiyo chini ya odi 6.00 au 7.00 mimi naona bora uweke yote kushinda, au uache.

Mtego mkubwa ni mbio ya farasi wanane kamili. Mmoja akiondolewa asubuhi wanabaki saba, nafasi ya tatu inafutwa, na tiketi yako bado iko palepale. Isitoshe, aliyeondoka akiwa na odi ndogo, washindi hukatwa. Wa odi 4.00 akijitoa baada ya wewe kuweka dau, robo ya faida yako inaondoka.

Na kabla hujabonyeza, gawa 100 kwa odi ya kila farasi kisha ujumlishe. Kwa mfano 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00 na 12.50 zinaleta 40, 25, 20, 12.5, 10 na 8. Jumla 115.5. Zile 15.5 za juu ni chakula cha kampuni. Ikipita 120 kwenye mbio ya farasi sita, iache.

Hatamu_Mbili:

Niongeze hapo kwa Lijamu. Andika odi yako mwenyewe kabla ya kuangalia ya kampuni. Ukiona farasi ana nafasi moja kati ya nne, odi yake halali ni 4.00. Wakikupa 5.50, chukua. Wakikupa 3.20, pita, hata kama unaamini ndiye mshindi. Na hoja ya dada kuhusu Chester naikubali kwa falongi 5. Kwenye maili moja na nusu narudi kwenye uzito wangu.

Dada_Ipagala:

Maili na nusu hata mimi sibishi. Kizota, ukipata kadi ya Jumamosi iweke hapa asubuhi, baada ya orodha ya waliojitoa kutoka. Weka geti, uzito na hali ya uwanja ya mbio mbili tu utakazokuwa umebakiza, siyo zote saba.