Kutuni kontroli boksi mwenyewe: kebo na laptopu, Speeduino, au nipeleke Dar? Niko Mtwara

Mkwaju_Ligula
Habari za jioni wakuu. Nataka nianze kujifunza kutuni kontroli boksi ya ndinga yangu mwenyewe, yaani kurekebisha mipangilio ya kompyuta ya injini, nimechoka kumwachia fundi kila kitu. Nimezunguka mtandaoni wiki nzima, nimebaki na njia tatu. Ya kwanza, kununua kebo, nitumie laptopu na programu za bure. Ya pili, kung'oa kompyuta ya kiwandani na kuweka ya kujitengenezea, ile Speeduino. Ya tatu, kuipeleka Dar kwa mtu anayejua, nilipe, nirudi nyumbani. Hela ipo, korosho mwaka huu hazikuniangusha. Mtu anayeanza aanze na ipi?

Fundi_Waya
Mkuu umeingia duka la dawa ukasema "naumwa, nipe vidonge". Gari gani? Mwaka gani? Ina tabo au haina? Oto au manyo? Na kubwa kuliko yote, unatafuta nini: nguvu, kubana mafuta, au kelele za silensa pale Shangani jioni?

Mzee_wa_Dizeli
Na "hela ipo" ni kiasi gani? Mwenye korosho akisema hela ipo anaweza kuwa na laki mbili au milioni kumi, wote wanaongea kwa sauti moja.

Mkwaju_Ligula
Samahanini, nilisahau. Ni Forester SG5 ya 2003, tabo, oto. Bajeti isizidi milioni moja kwa kuanzia. Nataka nguvu kidogo, ila hasa ni mafuta. Zamani nikijaza tenki nilikwenda Masasi nikarudi Mtwara, na robo inabaki. Safari ya mwisho taa ya mafuta iliniwakia nikiwa Mingoyo narudi. Nimesoma kwamba ukituni vizuri ulaji unashuka.

Mzee_wa_Dizeli
Jibu fupi: uza. Jibu refu: uza, ongeza, chukua Hilux yenye injini ya dizeli ya 1KD. Ukiituni hiyo unaiona ikivuta mlima wa Newala na mzigo mgongoni. Subaru ya tabo na kubana mafuta wapi na wapi, mwanangu?

Fundi_Waya
Mzee, 1KD ambayo injekta zimechoka, ukaiongezea mafuta kwa laptopu, ni jiko la mkaa linalotembea. Tumeziona. Turudi kwa kijana.

Mkwaju, kwa gari hiyo una bahati. Subaru ni kati ya gari za Kijapani zilizofunguliwa na watu wa kawaida mapema. Kuna EcuFlash ya kusoma na kuandika faili, kuna RomRaider ya kuhariri ramani (majedwali ya mafuta na moto wa plagi) na kurekodi namba ukiwa unaendesha. Zote bure. Kebo inayotumika sana ni Openport 2.0 ya Tactrix, na ndiyo kitu pekee cha kulipia. Angalia isiwe ya kuiga, sokoni zimejaa.

Jibu langu ni njia ya kwanza. LAKINI mwezi mzima wa mwanzo usiandike kitu chochote. Soma tu.

Mwanachuo_Chuno
Naomba nitofautiane na fundi. Ukitaka KUJIFUNZA kweli, weka Speeduino. Ubongo wake ni Arduino Mega 2560, michoro iko wazi kwa kila mtu, unaituni kwa TunerStudio. Unafunga kila waya kwa mkono wako, unajua sensa ya krenki inasema nini na injekta inafunguka milisekunde ngapi. Kwenye kompyuta ya kiwandani unahariri jedwali alilolipanga mtu mwingine. Mimi nimeiweka kwenye injini ya Corolla iliyolala karakana na ilinguruma siku ya tatu.

Fundi_Waya
Ilinguruma. Ilitembea?

Mwanachuo_Chuno
Bado haina bodi, fundi.

Fundi_Waya
Haya. Ya huyu ina bodi, ina watoto wa kupeleka shule, na giaboksi yake ni oto. Kompyuta ya giaboksi inategemea taarifa kutoka kompyuta ya injini: throto imefunguka kiasi gani, injini inazunguka kasi gani. Ukiing'oa hiyo ya injini, gia zitabadilika kama dereva amelala. Speeduino ni kitu kizuri, mimi sina ugomvi nayo, ila anayeanza aitafutie injini ya kuchezea. Siyo gari ya kutokea nayo nyumbani.

Boksa_Masasi
Naomba nieleze yangu, maana naona mnamvalisha kijana viatu vya kupanda mnazi.

Mimi nina Impreza WRX ya 2003. Mwaka juzi nilinunua kebo, ya kuiga, bei ikanichekesha. Faili nikatumiwa na mtu kwenye kundi, akasema limeshatembea kwenye gari kama yangu, "weka tu bosi". Sikusoma faili langu la kiwandani kwanza nikalihifadhi. Niliona ni kupoteza muda.

Usiku, niko chini ya mwembe nyumbani, laptopu kwenye paja. Hizi Subaru za umri huu kuna soketi mbili za kijani chini ya dashibodi, unaziunganisha gari iingie kwenye hali ya kuandikwa. Ukizigusanisha na ufunguo ukiwa umewashwa, feni za radieta zinawaka, zinazima, zinawaka, zinazima. Pampu ya mafuta nayo inalia kwa mapigo huko nyuma, tk, tk, tk. Nilidhani ni ushabiki tu wa gari. Kumbe kila pigo linakula betri, na betri yangu ilikuwa na miaka minne na nilikuwa naijua tabia yake asubuhi.

Mstari ukafika kama nusu. Taa za dashibodi zikafifia. Feni ikaanza kuzunguka kivivu. Laptopu ikaandika maneno mekundu, halafu kimya. Nikawasha: stata inazungusha, lakini taa ya injini HAIWAKI hata ukiweka ufunguo. Ile taa tunayoichukia wote, usiku ule niliitafuta kama mke aliyekimbia.

Kontroli boksi kwenye hizi iko miguuni kwa abiria, chini ya zulia, imefunikwa na bamba la chuma. Niliifungua, nikaiviringisha kwenye kanga ya mama watoto, nikaiweka kwenye katoni ya biskuti, nikaipandisha basi la Dar. Fundi niliyeelekezwa akaomba hela mara mbili, ikarudi baada ya wiki tatu imekufa vilevile na pini moja imepinda. Nikanunua ya mtumba. Ikaja ya gari ya manyo, yangu oto. Gari iliwaka, nashukuru, ila taa ya joto la oili ya giaboksi ikawa inanipepesea kila nikiwasha asubuhi, kama inanikonyeza.

Leo kebo ninayo kabatini. Anayeitaka aje Masasi.

Mzee_wa_Dizeli
Pole sana. Lakini nimecheka.

Mwanachuo_Chuno
Ile haikufa, kaka. Faili likikatika katikati mara nyingi boksi hufufuka ukilifungua na kuliandika mezani moja kwa moja. Tatizo lilikuwa fundi.

Boksa_Masasi
Tatizo lilikuwa betri, faili la kupewa, na mimi. Fundi ni wa nne. Na wakati ule mezani kwangu kulikuwa na samaki tu, sikuwa na kifaa cha kufufua.

Fundi_Waya
Mkwaju umesoma hapo? Kabla ya kuandika, betri iwe nzima na chaja yenye nguvu imefungwa juu yake, laptopu isijizime, na faili la kiwandani liwe limehifadhiwa sehemu mbili. Na usitumie faili la mtu. Hasa mafaili ya Wajapani: wao pampu ya petroli ya bei ya juu ni oktani inayokaribia 100, na moto wa plagi umewekwa mapema kwa mafuta hayo. Ukilileta kwenye mafuta yetu, na joto letu la Machi, injini itaanza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani. Kwenye EJ20, injini yako hiyo, kugonga kunaanza na ukingo wa pistoni unaoshika ringi. Huo ukimeguka, tunahama kwenye mazungumzo ya laptopu, tunaanza ya spana.

Bi_Krosi
Samahanini kaka zangu, nimechelewa, nilikuwa sokoni. Mimi niko Lindi, naendesha SG5 hiyohiyo. Nauliza swali moja ambalo hamjauliza wote na ukurasa umejaa: Mkwaju, trimu zako zinasemaje?

Mkwaju_Ligula
Trimu gani dada? Nilinunua kile kidude cha ELM327 cha bluutuu, cha kusomea gari kwa simu, nimekichomeka, simu inasema haiwezi kuunganishwa.

Bi_Krosi
Haitaunganishwa, mdogo wangu. Za soko la Japani za miaka hiyo nyingi haziongei lugha ya kawaida ya OBD2, zinaongea lugha yao ya Subaru. Tumia kebo ya KKL, ile ya bei rahisi ya Volkswagen, pamoja na sehemu ya kurekodi ya RomRaider.

Trimu ni hivi. Ukiendesha polepole, kompyuta inasoma sensa ya oksijeni kwenye ekzosi na kujaribu kukaa kwenye gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ikiona hewa imezidi inaongeza mafuta, ikiona mafuta yamezidi inapunguza. Masahihisho ya papo kwa papo ni moja, na yale ambayo imeyazoea, imeyaweka kichwani, ni nyingine. Yakiwa ndani ya asilimia tano juu au chini, lala usingizi. Yakifika kumi na kitu, gari inakuambia kitu.

Ulaji ukibadilika wenyewe, ramani haikubadilika. Hakuna aliyeingia usiku kuihariri. Kuna kitu kimeharibika, na wewe unataka kukiandikia faili jipya juu yake.

Nina kebo ya KKL ya ziada. Nakutumia kwa basi la asubuhi, utanirudishia.

Mkwaju_Ligula
Asante sana dada. Nitalipokea stendi.

Mzee_wa_Dizeli
Wakati tunasubiri basi. Kwa nini watu wa Mtwara hatuweki gesi asilia kwenye gari? Iko Mnazi Bay hapo, inachomwa kwenye malori ya saruji tunayaona, sisi tunajaza petroli.

Mwanachuo_Chuno
Mzee, gesi inahitaji kutuniwa pia! Inaungua polepole kuliko petroli, kwa hiyo inataka moto uwashwe mapema zaidi, na oktani yake iko juu ya 120, haigongi kirahisi. Injini ya tabo ni kama imezaliwa kwa ajili yake. Ukiweka mtungi bila kugusa ramani ya moto, ndiyo maana watu wanalalamika gari imekuwa nzito.

Boksa_Masasi
Na kituo cha kujazia gesi binafsi kiko wapi, nang'olo? Bomba lilielekea Dar. Tusianze habari hizo za vurugu za bomba, 2013 tulishazimaliza.

Mzee_wa_Dizeli
Hazijaisha, zimenyamaza.

Fundi_Waya
Wakuu, mada.

Mkwaju_Ligula
Nimepata kebo, nimeunganisha. Injini ina moto, iko sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), feni haijawaka. Iliyozoeleka inasema +14. Ya papo kwa papo inacheza +7 hadi +9. Nikishikilia mzunguko 2500 inashuka, jumla kama +10. Ndiyo mbaya?

Bi_Krosi
Mbaya, lakini nzuri kwa sababu imesema. Kubwa sailensa na ndogo ukikanyaga maana yake kuna hewa inaingia bila kupita kwenye sensa ya hewa. Ikiwa pampu imechoka, ingekuwa kinyume, ingezidi ukikanyaga. Fungua boneti, fuata mpira mkubwa unaotoka kwenye sensa ya hewa kwenda kwenye tabo. Una mikunjo kama akodiani. Upinde kwa mkono uangalie CHINI ya mikunjo, usiangalie juu.

Mkwaju_Ligula
Dada. Nimepitisha kidole. Umepasuka nusu mzunguko, upande wa chini kabisa, ukitazama kwa juu uko mzima kama mpya. Fundi wangu aliifungua injini hii miezi minne iliyopita kubadili plagi.

Boksa_Masasi
Tarehe hiyohiyo ulaji ulipoanza, au siyo?

Mkwaju_Ligula
Karibu na hapo. Sitaki kusema.

Nimeuziba kwa mpira wa tairi la baiskeli na klipu mbili, nimezima betri dakika ishirini ianze kujifunza upya. Leo nimekwenda Mikindani na kurudi mara mbili. Iliyozoeleka +3. Mpira mpya nimeagiza Dar, wanasema barabara ikiwa nzuri Jumatano.

Fundi_Waya
Ikiwa nzuri, ndiyo. Sote tunaikumbuka Somanga Mei 2024, mvua ilipokata barabara.

Haya, sasa hela yako ya milioni moja. Kabla ya Openport nunua sensa ya oksijeni ya masafa mapana, yenye Bosch LSU 4.9 ndani. Ile ya kiwandani haitakusaidia tabo likisukuma, na hapo ndipo pistoni zinapofia.

Mwanachuo_Chuno
Sensa hiyo ikiwa na kontrola yake inaingia kwenye Speeduino, nasema tu.

Mkwaju_Ligula
Kwa hiyo njia ya kwanza bado? Maana nguvu kidogo bado nazitaka.

Bi_Krosi
Kaa na kebo yangu mwezi. Nirekodie unapopanda kutoka Mingoyo kwenda Mtama, gia ya tatu, mguu wote. Tuone kama inagonga kwanza.

Boksa_Masasi
Ukiwa Mtama ni karibu na Masasi. Pitia uchukue Openport yangu.

Mkwaju_Ligula
Si ulisema ni ya kuiga?

Boksa_Masasi
Kusoma inasoma vizuri.

Mzee_wa_Dizeli
Huo mpira uliopasuka usiutupe, nauhitaji. Mtu ana gundi inayoshika kwenye hozi ya intakula (kipoza hewa cha tabo)? Hilux yangu nayo imeanza kupiga filimbi.