Naomba ushauri: ripoti ya wadhibiti ubora hatujaiona

Habari wakuu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku kijijini. Muhula uliopita walikuja wadhibiti ubora (sisi wa zamani bado tunawaita wakaguzi), wakapekua maazimio ya kazi na maandalio ya masomo (mipango ya walimu ya kufundishia), hadi madaftari ya watoto. Ripoti kamati hatujaiona. Mwalimu mkuu anasema iko halmashauri. Huku darasa la tatu wamejazana zaidi ya 100, wakati uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45! Wadhibiti wako Wizara ya Elimu, shule iko TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), basi wanatupiana mpira. Nianzie kwa afisa elimu kata au niende moja kwa moja udhibiti ubora wilayani? Sitaki mkuu aone namchimba, mwanangu anasoma hapo hapo.