MREJESHO: Kodi ya TRA (mamlaka ya mapato) kwa saluni yangu imeshuka kutoka 250,000 hadi 150,000

Habari zenu wakuu. Mtakumbuka mwanzoni mwa 2023 niliuliza kwa nini saluni yangu ndogo imekadiriwa kodi ya 250,000 kwa mwaka wakati faida yenyewe naihesabu kwa vidole. Mlinambia nianze kuandika mauzo. Kusema kweli nilinuna.

Nikanunua kaunta buku. Kila jioni naandika: kusuka twende kilioni 10,000, kuosha 5,000, binti akinunua rasta naandika pia. Shemeji alinicheka, eti nimekuwa benki.

Nilipolipeleka TRA, mauzo ya mwaka yalisoma milioni 9. Kumbe wanaangalia mauzo yote, si faida (hapa ndipo nilipokuwa napotea). Mauzo yakiwa kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu za mauzo hulipa 250,000. Mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Yangu yalizidi kwa milioni 2, na asilimia 3 yake ni 60,000. Jumla 150,000, na nimelipa kwa awamu nne.

Laki moja iliyobaki imenunua draya. Ile ya zamani ilikuwa inanuka moshi, wateja wanaijua.