Michezo ya vita ya mezani na ya kutisha: tuanze na ipi, kwa vifaa vinavyopatikana mtaani?

KeteNyeusi

Habari za jioni wakuu. Tuko wanne, tunataka kujaribu michezo ya mezani ya watunzi wanaojitegemea, isiyodai ununue sanamu za plastiki kabla hujajua kama utaupenda. Tunatafuta miwili: mmoja wa vita, wawili kwa wawili, na mmoja wa kutisha ambapo kila mtu anashika mhusika wake na mwongozaji mmoja anaendesha kisa. Kila mchezo uishe kwa kikao kimoja, yaani masaa matatu hadi manne.

Vilivyopo: meza ya sm 120 kwa 75, dadu za kawaida za ludo kibao, pakiti mbili za karata, na steshenari ya jirani inayochapa. Sanamu hatuna. Dadu za pande kumi au ishirini hatuna pia.

Kwa upande wa vita naona wengi wanataja One Page Rules na Frostgrave. Kwa upande wa kutisha, Mothership na Ten Candles. Ipi inamfaa anayeanza, na mara nyingi mambo huharibikia wapi?

FutiKamba

Karibu mkuu. Kwa vifaa ulivyotaja, jibu la vita ni One Page Rules, toleo lao la Grimdark Future. Kanuni za msingi ni PDF ya bure, orodha za majeshi ni za bure, na kuna programu ya mtandaoni iitwayo Army Forge inayokujumlishia pointi (thamani ya kila kikosi, ili majeshi mawili yalingane). Dadu ni za pande sita peke yake. Frostgrave ni mchezo mzuri, lakini kitabu unanunua, na kila pambano linaamuliwa kwa dadu ya pande ishirini: kila mmoja anarusha moja, anaongeza nguvu yake ya kupigana, mwenye jumla kubwa anashinda, kisha jumla yake ikitolewa deraya ya aliyeshindwa ndiyo madhara. Mchawi mkuu anaweza kuangushwa na mbwa. Wengine wanapenda hivyo, mimi naona kwa anayeanza inakatisha tamaa.

Meza yako ni ndogo kuliko inayotajwa na kanuni (sm 180 kwa 120), lakini usipunguze vipimo. Chezeni kwa urefu: kila upande upange jeshi ndani ya sm 30 kutoka ukingo mfupi wa kwake, katikati zibaki sm 60. Hiyo ni inchi 24, na bunduki ya kawaida kwenye mchezo huu inafika inchi 24 hizo hizo. Sasa hapo ndipo pa kuangalia. Meza ikiwa tupu, atakayeanza ataanza kuua kabla mwenzake hajapiga hatua, na mtasema mchezo ni mbovu. Wekeni vizuizi vinane hadi kumi: maboksi ya dawa ya meno, vitabu, vikopo, na angalau viwili virefu vya kuficha kikosi kizima katikati. Piga uzi kutoka upande mmoja hadi mwingine sehemu tofauti tofauti. Ukipita sm 40 bila kugusa kitu, ongeza kizuizi hapo.

Askari wachapishwe kwenye karatasi ya manila, gramu 160 hadi 200. Mwambie mtu wa steshenari achape kwa asilimia 100, asiache mashine ibane picha ili ijae ukurasa, la sivyo vipimo vyote vinakwenda kombo. Sanamu iwe na urefu wa mm 30 hivi, mbele na nyuma zikikunjwa na kubandikwa. Gundi ya maji huivuruga karatasi iliyotoka kwenye printa ya wino, rangi inatapakaa na askari anajikunja. Tumia gundi ya kijiti, au chapeni kwa printa ya leza. Bandika kwanza, kata baadaye, maana ukikata kwanza pande mbili hazitalingana kamwe. Chini weka kadi ya boksi ya duara la mm 25 na washa ya chuma iliyobandikwa chini yake, vinginevyo upepo wa feni utawaangusha wote.

Vijiti viwili vya mshikaki, kimoja sm 15 na kingine sm 30, vinatosha kwa mwendo wote. Kikosi kikitaka kusogea na kupiga risasi kinakwenda sm 15. Kikikimbia bila kupiga, au kikivamia, sm 30. Kikisimama kinapiga tu. Hatua zenyewe ni hizo nne.

Kupiga: kila shambulio dadu moja, ukifikia namba ya Ubora ya kikosi chako umelenga. Mwenzako anarusha dadu kwa kila pigo lililolenga, akifikia namba yake ya Ulinzi amezuia. Chukua mashambulio 10 ya Ubora 4+ (yaani dadu ije 4 au zaidi) dhidi ya Ulinzi 5+. Kwa wastani 5 yanalenga, na kati ya hayo 3 au zaidi kidogo yanaua. Walengwa wakiwa nyuma ya kizuizi wanaongezewa 1 kwenye dadu zao za Ulinzi, wanaouawa wanashuka hadi kama 2 na nusu. Kwenye kikosi cha watu watano tofauti hiyo ni kubwa, ndiyo maana nasisitiza vizuizi.

Wanaoanza hukosea mambo haya: kusogeza jeshi lote kwa mpigo (hapana, ni kikosi kimoja changu, kimoja chako, mpaka viishe), kusahau kwamba kikosi kilichokwisha kupigana ana kwa ana mara moja kwenye raundi kinachoka na kulenga kwa 6 tu, na kusahau kupima ujasiri kikosi kinapobaki nusu au pungufu. Hili la mwisho ndilo linaloufanya mchezo uishe kwa wakati. Bila hilo mnafika saa sita usiku bado mnahesabu.

Anzeni na vikosi vitatu vya watu watano kila upande, alama tatu za kushikilia mezani, raundi nne. Nyinyi wanne: kila mwenzi ashike vikosi vyake, zamu zipishane kati ya pande na si kati ya watu.

TaaNyekundu

Kwa upande wa kutisha napigia kura Mothership. Ni safari za angani ambako wahusika ni wafanyakazi wa kawaida: mwanajeshi, mwanasayansi, fundi-dereva wa mizigo, na roboti-mtu. Kitabu cha wachezaji kinapatikana bure kwa PDF. Kisa cha kuanzia, chukua The Haunting of Ypsilon 14, kimeandikwa kwenye karatasi moja inayokunjwa mara tatu. Kituo cha machimbo kwenye kimondo, watu wachache wenye majina, ramani, na kitu kinachowawinda. Mwongozaji anakisoma kwa nusu saa akakielewa chote. Zaidi ya hapo sisemi, asije mmoja wa wachezaji wako akawa anasoma hapa.

Dadu zisikusumbue. Toa kopa kuanzia ree hadi kumi, na shupaza vivyo hivyo. Kumi ihesabiwe 0. Chora moja ya kopa iwe makumi, moja ya shupaza iwe mamoja, umepata namba ya 00 hadi 99. Rudisha na uchanganye kila mara, usipofanya hivyo uwezekano unapinda. Kwa dadu ya pande ishirini: chora karata moja (hapa kumi ibaki kumi) na urushe dadu ya ludo. Ikija 1 hadi 3 karata inabaki kama ilivyo, ikija 4 hadi 6 ongeza 10.

Unafaulu ukipata namba iliyo chini ya uwezo wako. Uwezo ni dadu mbili za pande kumi jumlisha 25, kwa hiyo wastani ni 36. Yaani fundi wako wa kawaida anashindwa karibu mara mbili katika kila tatu. Na kila akishindwa anaongezewa mfadhaiko 1. Mwongozaji mgeni haoni hilo, anaita dadu kwa kila mlango na kila droo, na baada ya saa moja wahusika wote ni vichekesho. Dadu iitwe pale tu ambapo kushindwa kuna gharama na muda hautoshi. Mwenye utaalamu, zana na nafasi afanye kazi yake bila dadu. Na habari usizifiche kabisa nyuma ya dadu. Wakipekua ofisi wape daftari, wakiichunguza maiti waambie wanachokiona. Hofu inatoka kwenye kujua nusu.

Mfadhaiko unaanza 2. Ukifika wakati wa kupima taharuki, rusha ya pande ishirini: ikizidi mfadhaiko wako umejikaza, ikilingana au kupungua unatazama jedwali la taharuki kitabuni. Mwanzoni uwezekano wa kutaharuki ni asilimia 10, ukiwa na 9 ni asilimia 45. Wachezaji wenyewe wataanza kuitazama ile namba kabla ya kufungua mlango.

Mnyama wako asijitokeze mapema. Kwanza dalili (kiatu kimoja, maji sakafuni), kisha ushahidi wa alichofanya, kisha mtu wa kituoni apotee, ndipo aonekane. Jiwekee saa: kila dakika 20 za kweli kitu kibadilike hata kama wachezaji wamekaa wanajadiliana.

Kabla hamjaanza, zungukeni meza kila mtu ataje asichotaka kisimuliwe. Wengi hutaja madhara kwa watoto. Kwetu wapo pia waliopoteza ndugu kwa tuhuma za uchawi, na mtu wa namna hiyo hawezi kulichukulia kama mchezo. Weka karata ya joka katikati. Anayeigusa, tukio linarukwa na haulizwi sababu.

MshumaaWaKumi

TaaNyekundu kaeleza vizuri, ila kwa watu wasio na dadu za ajabu na wasiotaka kujifunza jedwali, Ten Candles iko karibu zaidi. Mahitaji: mishumaa midogo 10 ya vikombe vya bati, dadu 20 za ludo (10 za wachezaji na 10 za mwongozaji, rangi mbili), vipande vya kadi, kalamu, na bakuli la chuma lenye mchanga, kwa sababu kuna kadi zinazochomwa kweli. Kila mhusika atakufa mwishoni na wote mnajua tangu mwanzo. Mnacheza kuona wanakufaje.

Wachezaji wanaanza na dadu 10 za pamoja. Ukitaka jambo la hatari unarusha zote zilizobaki, 6 moja inatosha kufaulu. Kila 1 iliyotokea inaondoka mpaka tukio liishe. Usipopata 6 hata moja, mshumaa mmoja unazimwa, tukio limekwisha, na mwongozaji anapata dadu moja zaidi. Wachezaji wanarudi na dadu sawa na mishumaa inayowaka. Kwa dadu 10 unafaulu mara 84 kwa 100, kwa 5 mara 60, kwa 3 mara 42, kwa moja mara 17. Mteremko unausikia mwilini, hakuna haja ya kueleza chochote.

Kadi za tabia (vile vipande vilivyoandikwa sifa za mhusika wako) zinapangwa moja juu ya nyingine, na ya juu peke yake ndiyo unaweza kuichoma ili kurusha upya zile 1. Wanaoanza huzikumbatia mpaka mwisho. Mwongozaji awakumbushe: kadi isiyochomwa haikusaidia kitu.

Kinachoharibu: mwongozaji kuita dadu mara chache mno. Hapa ni kinyume kabisa cha Mothership. Mishumaa kumi lazima izimike ndani ya masaa matatu au manne, na mingi ya aina hii huwaka karibu masaa manne tu. Ukifika saa ya pili bado saba zinawaka, umechelewa.

KeteNyeusi

Asanteni sana. Swali moja: hapa bila feni hatukai. Mshumaa ukizimwa na upepo tunauwasha?

MshumaaWaKumi

Hauwashwi. Kanuni ni kwamba ukizimika kwa sababu yoyote ile, hata kwa pumzi ya anayecheka, tukio limekwisha hapo hapo. Kwa hiyo feni ya dari ni lazima izimwe. Feni ya kusimama igeuzeni iangalie ukuta, chini, hewa izunguke bila kupiga meza, na chezeni usiku joto likishapungua. Msiweke glasi juu ya mishumaa, inakosa hewa na kuzimika mapema. Sinia la bati chini ya yote kumi, mbali na pazia, na ndoo ya maji iwe karibu na mlango.

FutiKamba

Na lile la vita mlicheze siku nyingine, si jioni hiyo hiyo. Kukata askari 30 wa karatasi peke yake ni kazi ya mchana mzima, gawaneni kurasa mapema kila mtu aje na wake wamekwisha kubandikwa.