Waya wa mkononi ulikataa kufika moyoni kwa mzee. Mshipa "umetokea kwingine" maana yake nini?

mwalimu_Ahero:
Habari zenu wanajamvi. Baba yangu, miaka 67, alipigwa picha ya mishipa ya moyo kule Eldoret. Walianzia mkono wa kulia, pale wanapopimia mapigo, waya ukakataa, wakahamia kinena. Moyo wake uko sawa, amepewa dawa za presha tu. Baadaye akapigwa CT, na sasa ripoti inasema ateri ya sabklavia ya kulia, yaani mshipa mkubwa unaopeleka damu mkononi, imetoka mahali pasipo pa kawaida na inapita nyuma ya umio. Daktari alinieleza upesi upesi huku simu inalia. Je, ni ugonjwa? Atapasuliwa? Mzee mwenyewe anadai mkono wake "uliungwa vibaya".

sista_Nakuru:
Mwalimu, pole kwa kuuguza. Baba hana ugonjwa hapo, amezaliwa hivyo. Mimi ni nesi wa chumba cha katheta, ile mirija myembamba inayopitishwa ndani ya mishipa, na watu wa aina yake tunawapata. Ni kama mmoja kati ya mia.

Kwa wengi wetu tao la aota, yaani pale mshipa mkuu unaotoka moyoni unapopinda, hutoa matawi matatu. La kwanza ni shina la brakiosefali, ambalo halifiki mbali kabla ya kugawanyika: huku mkono wa kulia, huku karotidi ya kulia, mshipa wa kwenda kichwani. Kisha karotidi ya kushoto, kisha sabklavia ya kushoto. Ukiingilia mkono wa kulia unapanda hadi begani, unashuka na lile shina, unatua kwenye aota inayopanda, na midomo ya mishipa ya moyo iko hapo chini, juu kidogo tu ya vali. Ndiyo maana tunaupenda mkono. Tena mgonjwa anajiendea chooni mapema.

Kwa mzee hilo shina halipo. Matawi ni manne, na la mkono wa kulia limetoka la mwisho kabisa, likavuka nyuma ya umio kurudi kulia. Waya ukija na njia hiyo unatokea mahali tao limeshaanza kuteremka, nao unafuata mteremko. Ni sawa na mtu wa Kisumu anayekwenda Kisii akapita hapo kwenu Ahero bila kukata kona: gari zima, lami nzuri, na utajikuta Awasi. Kwenye skrini tunaona ncha ikishuka kando ya uti wa mgongo, upande wa kushoto, kuelekea tumboni. Hapo mgonjwa anaambiwa avute pumzi ndefu na kuishikilia, tao linyooke kidogo, au tunaleta katheta yenye kona nyingine. Wakati mwingine inakubali. Ikikataa, kung'ang'ana ni kumwongezea mionzi na dawa ya rangi, na kuhatarisha ukuta wa mshipa. Waliohamia kinena walifanya la maana.

Anameza vizuri lakini?

mwalimu_Ahero:
Sista, umenishtua. Tangu nipate akili baba humega ugali vitonge vidogo na kushushia kila kimoja kwa maji. Nyama choma haigusi. Sisi tulidhani ni maringo.

sista_Nakuru:
Basi daktari aambiwe. Wengi hawahisi chochote maisha yote, ila mshipa huo unaweza kuubana umio kwa nyuma. Daktari David Bayford wa Uingereza alishaliandika mwaka 1787. Upasuaji hufikiriwa dalili zikiwa kali. Lakini msiulaumu mshipa kabla ya kuangaliwa kwa kamera. Saratani ya umio huku kwetu si ngeni, na miaka yake ni hiyo hiyo. Hasa kama siku hizi chakula kinakwama kuliko zamani, au amekonda.

radiografa_mwanafunzi, Kakamega:
Shikamoo sista. Kwa nini hawakujaribu mkono wa kushoto?

sista_Nakuru:
Marahaba. Ungefaa kabisa, sabklavia yake ya kushoto iko palepale pa kawaida. Mara nyingi ni suala la meza imepangwaje na daktari amezoea nini.

Mwalimu, kadi ya kliniki iandikwe kwa wino: katheta ya moyo, mkono wa kushoto au kinena. Na akija kupasuliwa rovu, daktari aisome kwanza. Kwa watu kama yeye neva ya sauti ya upande wa kulia haishuki kuzunguka ule mshipa, inakatiza shingoni moja kwa moja, na ni rahisi kuijeruhi.