Baa iliyopinda ya Himley: moto Jumamosi, katapila Jumatatu. Hili halikubaliki!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Mimi ni mwashi, naishi upande wa Wolverhampton, Uingereza, na kila nikipita karibu na kijiji cha Himley roho inaniuma upya.

Kwa wasioijua, baa hiyo, The Crooked House (yaani "Nyumba Iliyopinda"), ilijengwa 1765 kwa matofali mekundu, ikiwa nyumba ya shamba. Chini yake watu wakachimba makaa ya mawe, ardhi ikatitia, upande mmoja ukashuka kama mita 1.2 chini ya mwenzake. Nyumba ikalala nyuzi 15 hivi. Fundi yeyote aliyewahi kushika timazi anajua nyuzi 15 ni nini: ukuta wa kawaida ungeshalala chini zamani. Huu haukulala. Karne ya 19 nyumba ikageuzwa baa, na miaka ya 1940, ilipoonekana ni hatari na ilikuwa ibomolewe, mafundi wakaweka nguzo nene za matofali kuegemeza upande ulioshuka, wakafunga kuta kwa vyuma. Hawakujaribu kuinyoosha. Waliielewa nyumba, wakaishika palepale ilipofika.

Mimi pombe sinywi. Niliingia mara mbili, nikaagiza soda, nikatazama kuta tu. Milango, madirisha na fremu vyote vimekwenda upogo kwa pamoja, kwa hiyo jicho linakubali kwamba huko ndiko kunyooka. Ukiweka gololi pembeni mwa meza, unaiona inapanda mlima! Saa inaning'inia wima kabisa, nawe unaweza kuapa kwamba saa ndiyo iliyopinda. Hakuna msanifu aliyechora kile kitu. Kilichorwa na mgodi, na mafundi wakakitunza.

Tarehe 5 Agosti 2023, wiki chache tu baada ya kuuzwa, ikaungua usiku. Njia ya kuingilia ilikuwa imezibwa na lundo la udongo, magari ya zimamoto yakakwama. Tarehe 7 katapila likaiangusha yote. Halmashauri yenyewe ilisema haikukubali jengo zima livunjwe. Ilikuwa imezungumzia sehemu za ghorofa ya juu tu, kwa ajili ya usalama.

Kuna watu wananiambia, "Si ilikuwa imeshaungua?" Jamani! Paa lilikwenda, lakini kuta zilikuwa zimesimama. Kuta ndizo nyumba. Mbao unapaua upya, hata mwanafunzi wa ufundi anajua.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: haikuwa kwenye orodha ya kitaifa ya majengo yanayolindwa. Miaka 258! Ombi la kuiingiza lilifika Historic England, shirika la kitaifa la urithi wa majengo ya kale, siku chache tu kabla ya moto. Kila mtu alidhani mwingine ameshalishughulikia, nami nikiwemo. Niliichukulia kama mlima, kitu ambacho kitakuwepo tu.

Februari 2024 ikatoka amri ijengwe upya kama ilivyokuwa, wenye mali wakakata rufaa. Msiniambie haiwezekani. Carlton Tavern, baa ya London, ilivunjwa 2015, ikaamriwa irudishwe, na 2021 ikafunguliwa tena. Ila ile ilikuwa na bahati: wakazi walihisi jambo mapema, ikapigwa picha na kuchukuliwa vipimo kabla ya kuvunjwa. Tena ilikuwa imesimama wima. Hii ya Himley fundi atalazimika kupanga kozi za matofali kwa mshazari kwa makusudi, huku pima maji ikimwambia anakosea kila mstari. Inafanyika, lakini vinahitajika vipimo vya kweli, si kukisia kwa kadi za posta.

Kwa hiyo naomba: yeyote aliyewahi kuingia mle na ana picha za ndani, hasa pembe za kuta, vizingiti vya milango na zile nguzo za nje, aziweke hapa au azipeleke halmashauri. Hata ile ambayo umesimama mbele ukacheka na glasi mkononi. Ukuta ulio nyuma yako ndio tunaoutafuta.