Tupeane uzoefu: mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, dukani kulikuwaje?

Wakuu, habari. Bangladesh ilitangulia mwaka 2002, baada ya mifuko kuziba mitaro na kuzidisha mafuriko. Rwanda ikafuata 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Sababu tunazijua. Mimi nataka ya kaunta: gharama ilimwangukia nani?

Naanza. Nauza vyombo na sabuni. Zamani mfuko ulikuwa "bure", yaani bei yake naimeza mimi kwenye faida, mteja haioni. Nilipoanza kuuza mifuko mbadala, maneno yakaanza. Mtu analipia vitu vya hela nyingi kimya, akifika kwenye mfuko anasusa. Wengine walirudisha bidhaa kwenye rafu, moja moja, hadi wakabaki na zinazoenea mikononi. Hapo ndipo paliponiuma, maana aliyekuja mikono mitupu ananunua kidogo. Dawa niliyopata: tangazo la "njoo na mfuko wako" nikalitoa kaunta nikalibandika mlangoni, na maboksi ya mzigo nikaacha kuyatupa. Anayenunua vingi anabebea boksi, halipii kitu.

*Keshia:*
Kwangu ni foleni. Mfuko wa plastiki ulikuwa unaning'inia umeshafunguka, natumbukiza tu. Sasa mteja anautafuta ndani ya pochi, anaukunjua, anaukung'uta, halafu anataka apange mwenyewe. Simlaumu, mali ni yake. Lakini wa nyuma yake ananikasirikia mimi.

*Mnunuzi:*
Mfuko wa kaki ulinitenda siku ya mvua. Chini ulilowa taratibu, mimi sina habari, nashtukia chupa ya dawa ya sakafu iko chini vipande vipande. Nikahamia kwenye vitambaa. Tatizo nasahau, na kila nikisahau nanunua mwingine. Sasa nyuma ya mlango lipo rundo zima. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulikokotoa mwaka 2011 kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo ulingane na ule mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja, kwa upande wa athari kwa hali ya hewa. Mara 131! Kwa hiyo nimeacha kununua, nikisahau narudi nyumbani kuuchukua.

*Mchangiaji mwingine:*
Mmesahau taka. Ile mifuko ya dukani ndiyo tuliyokuwa tunatandika kwenye ndoo za taka. Ilipoisha, tukaanza kununua ya taka. Hata kwenye miji ya California iliyopiga marufuku, mauzo ya mifuko midogo ya taka yalipanda zaidi ya maradufu. Siipingi sheria, mtaro wa mbele ya nyumba yangu unapitisha maji sasa. Ila hiyo plastiki nayo ihesabiwe.

*Mwenye duka jirani:*
Mkuu, hilo la maboksi nalichukua. Lakini yenye pini za chuma chini uzilaze kwa nyundo kabla hujampa mteja. Moja ilinichana kiganja.